Hesabu ya Mawimbi Itangulie Safari

Tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe katika msimu wa kusi. Skagit kwanza ilitumika katika maji yaliyokingika ya Puget Sound, Marekani. Kila mkaazi wa visiwani ana haki ya kuuliza: chombo kilichofaa bahari ya wengine kitakwendaje katika bahari yetu?

Jawabu hupatikana kwa hesabu za kompyuta zionyeshazo jinsi meli itakavyokwenda mrama. Wako wanaodai kwamba hesabu hizo hula muda mno. Hawakukosea kabisa. Tukichukua mielekeo 12 ya mawimbi, kasi 4, namna 5 za kupakia na hali 10 za bahari, tunapata hesabu 2,400. Kila moja ikichukua siku nzima, kazi itapita miaka 6.

Lakini wataalamu walikwishaonyesha njia. Mwaka 1953 St. Denis na Pierson walieleza kwamba bahari iliyochafuka yaweza kuhesabiwa kuwa jumla ya mawimbi mengi sahili. Mwendo wa meli ukijulikana kwa kila wimbi, yaliyosalia ni kujumlisha. Mwaka 1970 Salvesen, Tuck na Faltinsen wakaimarisha njia ya kuigawa meli, kwa hesabu, katika vipande vyembamba na kukipima kila kimoja. Bandu bandu huisha gogo: kazi ya siku ikawa ya sekunde chache.

Hata hivyo, njia hiyo ya mkato huchukulia kwamba mawimbi ni madogo na chombo hakiinami sana. Haitoshi kwa meli inayokaribia kupinduka. Kwa hiyo hesabu nyepesi ipepete hali zote, na ile nzito iwekewe hali chache za hatari.

Tunazitaka mamlaka zinazohusika zisiidhinishe meli ya abiria kabla ya kuona jedwali la hesabu hizo kwa mawimbi ya kusi na ya kaskazi, na nahodha akabidhiwe nakala yake. Wala jedwali halitafaa kitu iwapo abiria watapakiwa kupita kiasi.

Husemwa ajali haina kinga. Hii inayo, na udhuru wa muda haupo tena.