Kasri Lina Saa, Mlima Hauna

Mpenzi msomaji, huenda una mwanao anayesomea Ujerumani, naye amekualika wewe na jamaa yako mkamtembelee. Nauli mmeichanga kwa miaka. Sasa mwataka kukodi gari mwone milima ya kusini pamoja na mambo ya kale. Hatari ni kutaka kuizunguka nchi nzima kwa siku nne, kisha mrudi nyumbani mkikumbuka barabara tu. Mtaka yote hukosa yote.

Chagueni pembe moja ya Bavaria. Kutoka Munich hadi Garmisch-Partenkirchen ni kilomita 90 hivi. Laleni hapo siku tatu. Juu ya mji huo umesimama Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Msiudharau kwa kuwa Mlima Kenya una mita 5,199. Huu hupandwa kwa garimoshi, na kumalizia kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, hivyo hata nyanya atafika kileleni.

Lakini tikiti ni ghali, na mawingu yakitanda mtaona ukungu tu. Basi msiutengee mlima siku maalum. Uchunguzeni kila asubuhi. Ukiwa wazi, pandeni. Ukijifunika, nendeni Oberammergau, kilomita 20 hivi kutoka hapo. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliapa kuigiza mateso ya Yesu iwapo Mungu angewanusuru. Waliigiza mara ya kwanza 1634, na desturi ni kurudia kila baada ya miaka kumi. Ule wa 2020 uliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya Korona. Ujao umepangwa 2030. Hata pasipo mchezo, kuta za nyumba zilizochorwa picha zatosha kuwashangaza watoto.

Kasri la Neuschwanstein ni kinyume cha mlima. Ndani huingii ila kwa saa iliyoandikwa kwenye tikiti. Nunueni mapema, liwe la siku ya mwisho, na mwondoke Garmisch alfajiri. Mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga 1869, kwa mapenzi yake ya hadithi za kale na muziki wa Wagner. Madeni yalimlemea. Juni 1886 serikali ilimwondoa mamlakani, na siku chache baadaye akakutwa amekufa ziwani. Kasri lilikuwa halijakamilika.

Aidha, dereva wenu akumbuke kwamba huko magari hupita upande wa kulia. Abebe leseni yake na kibali cha kimataifa cha udereva. Watoto wadogo nao ni lazima wawe na viti vyao maalum, basi viagizeni pamoja na gari.

Mfalme alijenga bila kutazama mfuko, nawe usisafiri hivyo. Safari njema, na tukutane Jumapili ijayo.