MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Kuna mwizi wa usiku, huyo mnamjua. Yuko na mwizi wa mchana, anaiba kwa kalamu na muhuri. Leo tumseme huyu.

Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, mwenye kampuni ya mbegu jimbo la Colorado, alinunua mfuko wa maharage nchini Mexico. Akachambua ya njano, akayapanda misimu michache, kisha akaiambia serikali yao: haya nimeyabuni mimi. Tarehe 13 Aprili 1999 akapewa hataza, yaani hati inayompa mtu haki ya peke yake juu ya kitu alichobuni. Kabuni nini? Wakulima wa Mexico walikuwa wakiyalima na kuyala kabla yeye hajafika sokoni!

Ujanja wenyewe ni huu. Aliwadai walioingiza maharage ya njano Marekani: nilipeni senti 6 za dola kwa kila ratili, la sivyo mahakamani. Mwaka 2001 akashitaki wakulima na makampuni madogo 16. Hesabu ya watu hawa ni moja: wakili ni ghali, hofu ni bure. Mnyonge hulipa hata kama hadaiwi, au huacha biashara. Na mkulima wa Mexico, asiyeandikiwa barua yoyote, akakosa soko.

Kituo cha utafiti cha CIAT, Colombia, chenye benki ya mbegu, kilipinga hati hiyo mwaka 2000. Ofisi ya hataza ikaikataa mwaka 2008, mahakama ya rufaa ikamaliza kesi Julai 2009. Miaka 10 dai bovu limesimama!

Liliangushwa na nini? Maandishi. Sheria ya Marekani wakati ule haikuhesabu kilimo cha ng'ambo mpaka kiwe kimechapishwa. Basi anayesema kisomo ni cha kusomea barua za watoto tu, anajidanganya.

Nasema hivi. Kila mbegu yetu iandikwe: jina lake, rangi, nani kaileta, mwaka gani. Daftari peke yake halitoshi, nakala na sampuli bwana shamba azifikishe kituo cha taifa cha kuhifadhi mbegu, Arusha. Na akija mtu na karatasi ya kudai malipo, asitie mtu sahihi peke yake. Mleteni kwenye kamati tumuulize: umebuni nini, lini, hati iko wapi?

Muhuri si ukweli. Wazee wanaojua majina ya mbegu za zamani waje ghalani, kalamu iko tayari.

Katibu