FULANA ZA 1 MEI: NI NANI ALIYEIBA DHAHABU?

Ndugu Wafanya kazi,

Tawi letu limeletewa shauri, nalo litapigiwa kura katika mkutano ujao. Shauri lenyewe ni hili: fulana nyeusi za Chama, zilizopigwa chapa ya dhahabu Meru mjini kwa ajili ya sikukuu ya 1 Mei, zimebambuka, basi karakana isilipwe baki lake, na tajiri wake aambiwe awakate mshahara vijana waliozipiga chapa. Sisi wana wa Meru na Embu tulio katika kazi ya Reli tunalipinga shauri hili. Twasema sababu zetu hapa, ili kila mwanachama azisome kabla hajainua mkono.

Kwamba fulana zimeharibika hatubishi. Siku ya sikukuu ziling'aa hata watu wa vyama vingine wakatuonea wivu. Zilipofuliwa mara mbili, jina la Chama likabaki nusu. Lakini swali si kama zimeharibika. Swali ni nani aliyeziharibu.

Wenye shauri wanasema, "Tulilipia dhahabu tukapewa vumbi." Je, ni kweli walilipia dhahabu? Hati ya mapatano tumeiona. Bei iliyoandikwa ni ya rangi moja kwa mkono mmoja, kama ile ya kupiga wino mweusi juu ya fulana nyeupe. Tena kazi ilipelekwa zikiwa zimesalia siku mbili. Fundi aliwaambia wazi kwamba kazi ya namna hii inataka msingi mweupe na siku nne. Akajibiwa, "Wewe weka wino tu."

Yafaa kila mwanachama aielewe kazi hii, maana asiyeijua kazi hawezi kuipimia ujira.

Wino unaometa kama dhahabu hauna dhahabu hata chembe. Ni unga wa shaba iliyochanganywa na zinki, au unga wa mawe ya mika yaliyopakwa rangi. Ule wa kumeta kama fedha aghalabu ni unga wa aluminiamu. Chembe zake ni kama magamba madogo ya samaki, nazo hung'aa zikilala bapa. Kwa sababu hiyo hazipiti katika kila wavu. Wavu wa kupigia chapa maandishi ya kawaida huwa na nyuzi kama 60 au zaidi katika sentimita moja. Wino wa kumeta hutaka wavu wenye matundu makubwa zaidi, wa nyuzi 34 mpaka 43 hivi. Ukiulazimisha katika wavu wa matundu madogo, magamba hubaki juu na kuziba wavu, na kinachofika kwenye fulana ni wino usio na mng'ao. Basi hapo tayari pana fremu nyingine ya kutayarishwa, na saa nyingine ya kazi.

Halafu kuna weusi wa kitambaa. Wino ule ni mwangavu, na weusi huumeza mng'ao wake. Fundi hupiga kwanza msingi wa wino mweupe, akaukausha kwa joto mpaka usinate kidoleni, ndipo apige dhahabu juu yake, na fremu hizo mbili zilingane bila kupishana. Fulana moja hupita chini ya mikono mara mbili na kwenye moto mara mbili. Anayelipa bei ya mara moja amechukua nusu ya kazi ya mtu bure.

Sisi wa Reli jambo hili tunalijua. Mataruma hulazwa juu ya kokoto. Mtu akiamuru kokoto ziachwe ili gharama ipungue, kisha njia ikizama akamshika kibarua wa genge, tutamwitaje mtu huyo?

Mwisho ni kuivisha. Wino wa plastisoli, unaotumika sana katika fulana, huiva ukifikia joto la digrii 160 hivi za sentigredi, tena uive mpaka chini, si juu tu. Chembe za madini hurudisha joto kama bati la nyumba linavyorudisha jua, kwa hiyo kazi hii hukawia motoni kuliko wino wa kawaida. Wino usipoiva hupasuka na kutoka katika maji ya kufulia. Na kitambaa kikiwa cha poliesta, joto likizidi, rangi yake hupanda na kuchafua wino. Ni kazi ya saa na kipimo. Haitaki mtu wa kusimama mlangoni akisema lori linangoja.

Sasa tazameni hali ya watu wenyewe. Tuliwakuta vijana wakisafisha fremu kwa thina, mikono mitupu, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie kwenye wino mbichi. Mvuke wa thina huumiza kichwa, na mtu akiuvuta miaka mingi hudhuru mishipa ya fahamu. Baadhi ya dawa za kutayarishia wavu zina dikromati, nayo huchimba vidonda katika ngozi, na aina hiyo ya kromiamu inajulikana kuleta saratani ya mapafu kwa wanaoivuta. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe vifaa vya kujikinga, wala asimtoze mfanya kazi hata senti. Glavu hatukuziona.

Na kuhusu kukata mshahara: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu kukata kwa ajili ya hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Hapa makusudi yako wapi? Kijana aliyeambiwa asipake msingi, akatii, amekosa nini? Chama kinachomwomba tajiri avunje sheria juu ya mfanya kazi mwenzetu kimesahau kwa nini kiliundwa.

Wako watakaosema, "Fedha hizi ni michango ya wanachama, zisitupwe." Ni kweli, ni jasho letu. Lakini jasho letu halitakaswi kwa kumnyima mwingine lake. Wengine watasema, "Karakana ilikubali kazi." Mwenye karakana ndiye aliyekubali, vijana hawakuulizwa. Akiwa na la kujibu, na ajibu yeye mezani pamoja nasi, asijifiche nyuma ya vibarua. Nani amepata kununua miraa ya daraja la kwanza kwa bei ya majani yaliyonyauka, kisha akaenda kumshitaki mchumaji?

Tukumbuke pia siku yenyewe. Ilikuwa 1 Mei 1949 ilipoundwa East African Trade Union Congress, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Makhan Singh alikuwa mtu wa kiwanda cha chapa, akifanya kazi katika kile cha baba yake mjini Nairobi. Serikali ya kikoloni ilimkamata Mei 1950, asipate uhuru wake mpaka 1961. Je, ni katika sikukuu hii tutawanyima ujira watu wa wino?

Kwa hiyo twaomba mkutano uamue hivi:

Kwanza, baki lilipwe lote, na asikatwe kijana yeyote.

Pili, kuanzia sasa hati ya Chama itaje msingi, fremu na siku za kazi, na bei ihesabiwe kwa kila mkono unaopita juu ya fulana.

Tatu, Chama kisipeleke kazi mahali pasipo na glavu wala hewa, na vijana hao waelezwe haki yao ya kujiunga na chama cha wafanya kazi, iliyo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010.

Nne, fedha zikiwa chache, tupige chapa nyeusi juu ya fulana nyeupe. Hiyo huiva vema, husomeka mbali, na hatuoni haya kuivaa.

Ndugu, reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 ikakomea hapo. Meru mjini hatujaona stesheni. Vijana wale watatujua sisi watu wa Reli kwa jinsi tunavyowalipa. Njooni wote katika mkutano, mpige kura.

Umoja ni nguvu.