Ushuhuda wa Video Si Kipimo cha Tiba

Mgonjwa anayeingia katika chumba cha daktari siku hizi huja na simu mkononi, na ndani ya simu hiyo huja na washauri ambao daktari hajawahi kukutana nao: watu wanaojirekodi wakisimulia maradhi yao, dawa walizotumia na nafuu waliyoipata. Kuwadharau si busara. Aliyeambiwa leo kwamba ana kisukari hupata faraja kubwa amwonapo mwenzake aliyeishi na ugonjwa huo miaka mingi akijidunga insulini bila woga. Na matumizi sahihi ya kipulizi cha pumu hueleweka upesi zaidi kwa kuonyeshwa kuliko kwa kuelezwa.

Hatari huanza pale ushuhuda unapochukuliwa kuwa ushahidi.

Mwaka 2009 Paolo Zamboni, daktari wa Chuo Kikuu cha Ferrara nchini Italia, alichapisha utafiti uliohusisha maltipo sklerosisi na kufinyika kwa mishipa inayorudisha damu kutoka ubongoni. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Zamboni alipendekeza mishipa hiyo ipanuliwe kwa kiputo. Kabla watafiti wengine hawajamaliza kuihakiki nadharia hiyo, wagonjwa, hasa wa Kanada, walikuwa wakitazamana kwenye YouTube: huyu akionyesha alivyotembea kabla ya kupanuliwa mishipa, yule akionyesha alivyotembea baada yake. Kwa kuwa tiba hiyo haikutolewa kwao, wengi walisafiri hadi nchi kama Polandi na Kosta Rika, wakijilipia wenyewe. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba utaratibu huo umehusishwa na majeraha na vifo. Mwaka 2017 yakatangazwa matokeo ya jaribio la Kanada lililohusisha wagonjwa 104: waliopanuliwa mishipa hawakupata nafuu kuliko waliofanyiwa utaratibu wa kuigiza tu. Mwaka huohuo, jaribio lililoongozwa na Zamboni mwenyewe nalo halikuonyesha faida.

Je, waliojirekodi walisema uongo? La. Kwa wagonjwa wengi maltipo sklerosisi hupanda na kushuka, na matumaini nayo humfanya mtu ajisikie vizuri. Video ya wiki ya kwanza ilikuwa ya kweli kwa wiki hiyo. Isichoweza kuonyesha ni hali ya mwezi wa sita, wala wale ambao miguu yao ililegea tena na hawakuona sababu ya kuwasha kamera.

Somo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Anayeacha vidonge na kunywa maji ya kitunguu saumu anaweza kujisikia mzima kabisa, na akasema hivyo kwa moyo safi mbele ya kamera, huku figo, moyo na ubongo wake vikiendelea kuumia. Video huonyesha uso wa mtu. Haionyeshi shinikizo lake la damu.

Kwa hiyo mhudumu wa afya hana budi kuuliza, bila kejeli: “Umeona au umesikia nini kuhusu ugonjwa huu?” Mgonjwa aliyechekwa hatasema tena, ataacha dawa kimyakimya, na siku atakapoletwa amepooza, muda wa mazungumzo utakuwa umepita. Wataalamu nao waingie uwanjani kwa video fupi za Kiswahili fasaha, zinazoeleza jambo moja kwa wakati, wala wasimrekodi mgonjwa bila ridhaa yake. Wakiuacha uwanja huo, utakaliwa na wauzaji.

Naye mgonjwa ajiulize maswali matatu kabla ya kufuata ushauri wa video: Anayesema ni nani? Anauza nini? Na wale waliojaribu wasipone wako wapi? Baada ya hapo aipeleke video hiyo kliniki, aitazame pamoja na mhudumu wake, apimwe, ndipo waamue pamoja. Hadi siku hiyo, vidonge viendelee kumezwa kama vilivyoandikwa.