Homa inayopanda basi kutoka Dar

Mavuno ya kahawa yanapoanza Mbozi, kati ya Mei na Juni, nyumba nyingi za Isansa hupokea watoto wao waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Wengine huja kusaidia kuchuma, wengine kuwasalimia wazee tu. Miezi hiyo hiyo, huko pwani, homa ya dengue, ambayo wazee wa pwani waliiita kidingapopo, mara nyingi huwa imepamba moto.

Sababu ni mvua. Masika ya pwani hunyesha Machi hadi Mei, na mbu wake, Aedes, hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: ndoo, makopo, matairi mabovu. Mlipuko wa 2014 jijini Dar es Salaam ulipanda na masika. Wa 2019 nao vivyo hivyo, ukapita wagonjwa 6,000 nchini, wengi wao wa jiji hilo. Isansa ina mvua moja ndefu inayokatika Aprili, na baridi ya nyanda za juu haimfai mbu huyo.

Lakini kirusi hakihitaji mbu wa Isansa. Anayeng'atwa Ilala au Temeke hukaa siku 4 hadi 10 kabla ya kuugua, na basi la Mbozi ni safari ya siku moja. Kijana anaondoka mzima, anaugulia kwa mama yake.

Hapo familia hukosea, na si kwa uzembe. Homa kali, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinavunjika: nani hatasema malaria? Kipimo kikionyesha hakuna malaria, watu hukimbilia duka la dawa kutafuta cha kutuliza maumivu, na mara nyingi hupewa diklofenaki. Hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huongeza hatari ya kuvuja damu. Ya kumpa ni parasetamoli kwa kipimo chake, maji, uji na maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Na mhudumu aambiwe mapema: "Huyu ametoka Dar wiki hii."

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni homa kushuka. Kati ya siku ya 3 na ya 7 mwili unapoa, nyumba nzima inashukuru, kumbe ndipo maji ya damu huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu, akilegea au mikono ikiwa ya baridi, asisubiri kukuche; apelekwe Vwawa usiku huo huo.

Aliyewahi kuugua asijidai ana kinga. Virusi vya dengue ni vya aina 4, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine ndiko huwa kukali zaidi.

Tanzania vifo vilivyothibitishwa vimekuwa vichache. Bangladesh nayo ilirekodi vifo 281 mwaka 2022. Mwaka 2023 vikafika 1,705, Septemba ikiongoza, msimu wa mvua ukielekea ukingoni. Brazili 2024 wagonjwa walifurika Machi na Aprili. Kila nchi ina kalenda yake, na ya Dar es Salaam inagongana na ya kahawa.

Mgonjwa akiwa nyumbani alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa kuwa Aedes hung'ata jua likiwaka.