WARUMI 13 ISOMWE MPAKA MWISHO



Viko viwanda ambamo mashine haziwashwi mpaka maombi yamekwisha, na jambo hilo si baya. Wengi wetu tu Wakristo. Lakini tumeona kwamba watu wakianza tu kuuliza habari ya ovataimu, wiki ile ile atasimama msomaji na kufungua Barua kwa Warumi, mlango wa 13. Atasoma mistari miwili, ya kutii mamlaka kwa kuwa imetoka kwa Mungu, kisha kitabu kitafungwa. Aliyeuliza ovataimu ataonekana mwasi mbele ya wenzake.

Twauliza, kwa nini kitabu hufungwa mstari wa pili? Mstari wa 7 Paulo ataka kila mtu apewe anachodai, naye aanza na kodi. Mstari wa 8 akataza kukaa na deni la mtu, ila deni la upendo. Tajiri anayekata pesa za NSSF katika mshahara wetu kila mwezi, halafu hazipeleki, yeye asomewe mstari gani?

Tena, mamlaka ni nani? Paulo alikuwa akisema juu ya Serikali, yenye upanga na yenye kutoza kodi. Meneja hana upanga. Yeye yuko chini ya mamlaka kama sisi tulivyo, na mamlaka ya Kenya imekwisha sema. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa mfanya kazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Basi anayetuita kazini Jumapili zote za mwezi, wala hatupi siku nyingine, ndiye anayeshindana na mamlaka, hata kama maombi anayaongoza yeye mwenyewe.

Mtazameni Paulo huyo. Huko Filipi yeye na Sila walipigwa bakora bila kuhukumiwa, wakatiwa gerezani. Asubuhi wakubwa walituma watu wawafungulie waende zao kimya kimya. Paulo akakataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, na wakubwa waje wenyewe kuwatoa. Wakaja, tena wakiwabembeleza. Habari hiyo imo katika Matendo 16, lakini sisi hatujaisikia ikisomwa kiwandani hata mara moja.

Wengine watatujibu kwa Waraka wa Kwanza wa Petro, mlango wa 2, kwamba watumishi wawatii hata mabwana walio wakali. Neno hilo ni zito, hatulifichi. Lakini aliandikiwa mtumwa, mtu aliyenunuliwa, asiye na mkataba wala mahakama ya kumsikiliza. Sisi hatukununuliwa. Tuliandikwa kazi kwa mapatano, na Yakobo, mlango wa 5, asema mshahara uliozuiliwa wamlilia Mungu.

Wala hatusemi kila mtu afanye apendavyo. Vyombo vya tajiri vitunzwe, saa ya kuingia ishikwe, na mgomo usiwe mpaka notisi ya siku saba imetolewa kwa maandishi, kama sheria ya 2007 ya mahusiano ya kazi inavyotaka. Na yule anayelewa Jumapili, akakosa kazi Jumatatu, kisha akaja ofisini kwetu kutaka kutetewa, tafadhali asitutajie Danieli.

Watakapokuja tena na Warumi 13, msizozane na msomaji. Mwombeni kwa heshima aendelee mpaka mstari wa 8. Karatasi zenu za mshahara zinazoonyesha makato ya NSSF mpeni mjumbe wa chama katika idara yenu. Mlioandikwa kazi ya kudumu na hampewi karatasi yoyote, njoni pia mseme, maana sheria yamlazimu tajiri kuitoa.