Hisa ziko Toronto, maji yako Tshangalele

Mwenye kununua hisa za Ivanhoe Mines kwenye soko la Toronto huangalia bei ya shaba na tani zinazotoka mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Mei 2025, ardhi ilipotikisika chini ya Kakula na kazi kusimamishwa, bei ya hisa ilianguka mara moja. Hatari hiyo kila mtu aliiona. Ile inayotoka serikalini haionekani upesi, na njia nzuri ya kuielewa ni kutazama ziwa Tshangalele, hapa upande wa Likasi.

Ziwa hili si la asili. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa wakati wa ukoloni ili viwanda vya Union Minière vipate umeme. Leo kituo ni cha SNEL, yaani cha serikali. Mashine zilikuwa zimechoka na SNEL haikuwa na pesa za kuzitengeneza, kwa hiyo mgodi ukaikopesha. Turbini sita zilitengenezwa upya, na mwaka 2021 kituo kikarudi kazini na megawati 78. SNEL hailipi deni hilo kwa pesa mkononi. Hukatwa kidogo kidogo kwenye bili za umeme za mgodi.

Ni mpango wa akili, lakini mgodi ulitengeneza mashine tu, haukupata nyaya. Umeme wa Mwadingusha unaingia kwenye mtandao wa SNEL, ambako migodi mingine, viwanda na miji yote inausubiri. Ndiyo sababu Kamoa imelazimika kuwasha jenereta za mazutu na kununua umeme nje ya nchi. Kila saa ya jenereta inakula faida. Basi anayenunua hisa hii amenunua pia afya ya SNEL, apende asipende.

Wengi husema tatizo la Kongo ni kodi. Kodi zipo: sheria ya madini ya 2018 ilipandisha mrahaba wa shaba kutoka 2% hadi 3.5%, ikaweka na kodi ya 50% juu ya faida iliyopita kiasi. Lakini kodi iliyoandikwa, mhasibu anaipigia hesabu. Kinachomvuruga ni uamuzi wa ghafla. Februari 2025 serikali ilifunga uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaleta mgao wa tani kwa kila kampuni. CMOC ya China, yenye Tenke Fungurume, iliguswa. Kamoa-Kakula haikuguswa, kwa sababu haiuzi kobalti. CMOC hiyo ilikuwa tayari imezuiwa kutoa mali yake tangu 2022, mpaka ilipokubali 2023 kuilipa Gécamines dola milioni 800. Kuziweka hisa zote za Kongo kwenye kapu moja ni uvivu tu.

Kamoa ina kinga nyingine: serikali yenyewe ina 20% ya mgodi. Mgodi ukifungwa, nayo inapoteza. Hiyo inalinda kuliko mkataba wowote. Lakini serikali hiyohiyo ndiyo inayotoza kodi, inauza umeme, na inadaiwa kwa ajili ya Mwadingusha. Na inawajibika kwa watu wa Likasi wanaokaa gizani wakati wa delestaji, huku turbini zikizunguka si mbali na nyumba zao. Kongo haina soko la hisa, kwa hiyo hawawezi kununua hata hisa moja. Wana kura tu. Siku serikali itakapobanwa igawe upya megawati zile, mgodi ndio utakaoongeza mazutu.

Mwenye kuipima hisa hii kwa uaminifu aulize mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, maji ya Tshangalele yamefika wapi na SNEL inatoa megawati ngapi kati ya zile 78.